Majani ya Upande wa Mashariki

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefyeka uwanja wote wa mashariki, kuanzia ukuta wa mnara mpaka kwenye uzio. Peke yangu, kwa panga moja, kabla ya saa nne asubuhi. Miaka sabini na moja! Vijana waje wajifunze.

Haya. Kitabu hiki atakisoma nani zaidi yangu? Na mimi nilikuwepo. Basi niseme kweli: nilifyeka kipande cha kutosha kulaza mkeka mmoja, mgongo ukagoma, nikaenda kumwita Mama Maziwa, jirani yetu mwenye ng'ombe wanne upande wa pili wa uzio. Akaja na mundu wake na kanga kiunoni, akafyeka huku akiimba, mimi nikawa nasimamia. Kusimamia nako ni kazi. Majani kachukua yote, mizigo kumi na saba. Ng'ombe wake leo wana harusi.

Msimamizi wa kituo hiki ndiye aliyetaka usafi. Wakubwa wanakuja Jumatatu tarehe 17 kuamua kama mnara wetu wa kutazamia jua unastahili kuendelea. Kasema: pasafi! Pang'ae! Nisione unyasi!

Sasa pamekuwa safi kweli. Udongo mtupu. Nimeufagia mpaka umebaki na mistari ya ufagio kama kichwa kilichochanwa. Mama yangu alikuwa akisema ua wenye majani ni ua wa mvivu au wa marehemu. Leo angenisifu.

Ila kuna neno moja. Mtaalamu wa zamani, yule tuliyemwita Kofia kwa kuwa hata msibani hakuivua, aliniambia siku yangu ya kwanza kazini: majani ya mashariki usiyaguse. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Wasomi wana mambo yao. Miaka kumi na tisa nimefagia kila mahali isipokuwa hapo, moyo unaniwasha. Kofia kastaafu mwaka jana. Nimehesabu kwamba marufuku yake imestaafu naye.

Koleo naye, fundi wetu wa vioo, leo kashusha kioo kikubwa cha darubini, kakiosha, kakirudisha juu. Alipopita kwangu akasema, Waziri wa Majani, leo umenyoa! Sote wawili siku moja tumesafisha. Nimelala chali jioni nikashukuru. Mgongo unauma vizuri.


Jumanne, 4 Machi

Mama Madoa karudi kutoka mkutanoni. Ndiye mtaalamu wetu sasa, daktari wa vitabu si wa sindano, ana miezi mitatu tu hapa. Jina hilo nimempa mimi, maana hana habari nyingine ila madoa ya jua. Anaingia mnarani kupitia mlango wa magharibi kabla hapajapambazuka, anajifungia kwenye chumba chenye giza na skrini zake, anatoka jua limezama. Mtu wa jua asiyeota jua! Upande wangu wa mashariki hajawahi kukanyaga. Hakuna dirisha huko, hakuna mlango, kuna mimi na ndoo yangu.

Kaja na furaha. Doa kubwa limetokea kwenye ukingo wa jua. Eti dunia yetu nzima ingetumbukia humo isiguse kingo. Jua linajizungusha taratibu, kwa hiyo doa lina siku kumi na tatu hivi, kisha linaingia nyuma na kwaheri.

Kwenye chai nikamwuliza: hiyo sumaku mnayosema iko kule mmeijuaje, mmerusha msumari ukanasa? Kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha kanieleza, na nimeelewa, jambo linalonitia kiburi. Mwanga wa jua ukipita kwenye vioo vyake unatandazwa kuwa rangi. Ndani ya rangi mna vistari vyeusi, vyembamba kuliko uzi. Penye sumaku kali, kistari kimoja kinachanika kuwa viwili. Yeye anapima ule mpasuko. Mpasuko mpana, sumaku kali.

Nikamwambia, basi wewe ni fundi cherehani wa jua.

Akasema, ndiyo babu, ila mimi napima tu, sishoni.

Anachotaka ni dakika ishirini mfululizo za picha kali, azione nyuzi za sumaku zikijisokota na kukatika. Ni ndogo mno. Kama kuitambua sarafu iliyo mwendo wa basi wa saa nzima kutoka hapa. Dakika ishirini hizo akiwaonyesha wakubwa, mnara umepona.

Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu wangu aliniita kuni. Leo kuni imeelewa sumaku ya jua. Ahsante Mungu.


Jumatano, 5 Machi

Mambo si mazuri juu.

Saa mbili mpaka saa nne asubuhi ndio wakati wao bora, siku zote. Leo kwenye picha zao jua lilikuwa linachemka. Mama Madoa kasema ni kama kutazama senti iliyo chini ya mto unaokwenda. Kuna kioo kidogo cha ajabu mle ndani, kinajikunja mara elfu kwa sekunde kufuata mtikisiko wa hewa na kuusawazisha. Leo kilizidiwa. Kilijikunja mpaka kompyuta ikapiga kelele.

Sasa ukitafuta aliyegusa darubini wiki hii, ni nani? Koleo. Aliosha kioo Jumatatu. Kelele zilisikika mpaka stoo. Msimamizi anauliza ulikibana sawasawa? Koleo anasema nimekibana kama ninavyokibana miaka kumi na moja! Msimamizi anasema basi mwaka wa kumi na mbili umekosea.

Mimi nilikuwa na ufagio nje. Nilifagia sehemu moja mara tatu ili nisikie mwisho.


Alhamisi, 6 Machi

Bado linachemka. Koleo kashusha kioo tena, kaosha tena. Hakula mchana.


Ijumaa, 7 Machi

Vilevile. Tulicheza drafti mchana kwa vizibo vya soda, kama kawaida yetu. Nimemfunga mara nne. Koleo hafungwi mara nne! Huyu mtu huwa ananifunga huku anaongea na simu. Nikamwambia, unaniheshimu leo au unaniugulia?

Kasema, mzee wangu, Msimamizi kaandika barua ya kunifukuza. Iko kwenye droo yake. Anangoja tarehe 17. Wakubwa wakija wakakuta picha mbovu, atawapa sababu, na sababu ni mimi.

Kisha kasema, usiku anakiota kile kioo kimekunja uso, kinamtazama.

Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, tafuta vizuri, labda ni panya. Nikacheka. Yeye hakucheka.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika hili taratibu, nisiruke kitu.

Leo saa mbili na nusu nilikaa juu ya ndoo yangu upande wa mashariki, mgongo kwenye ukuta wa mnara, napumzisha magoti. Natazama kazi yangu, udongo mtupu, safi, mistari ya ufagio. Nikatazama uzio kule mwisho.

Nguzo zinacheza.

Nikafikicha macho. Nguzo bado zinacheza. Zinajipinda kama vitu vinavyotazamwa juu ya moto wa jiko. Ng'ombe mmoja wa Mama Maziwa alikuwa amesimama nyuma ya uzio, miguu yake imeyeyuka, tumbo linaelea.

Nikainuka. Nikazunguka mpaka upande wa magharibi, ambako majani yako magotini, maana huko sijafika bado. Nikakaa. Nikatazama uzio wa huko. Nguzo zimetulia tuli kama maaskari.

Nikarudi mashariki. Zinacheza. Nikaenda tena magharibi. Zimetulia. Nimefanya hivyo mara tano, mtu angeniona angesema mzee kapoteza meno anayatafuta. Kisha nikapiga magoti nikaweka kiganja juu ya udongo. Moto! Saa mbili na nusu tu, na udongo una moto wa sufuria. Nikaweka kiganja kwenye majani ya magharibi. Baridi, na umande kidogo.

Na asubuhi upepo wetu unatoka wapi? Mashariki. Unapita juu ya udongo wangu msafi, unabeba joto lake, unapanda ukuta, unakwenda kusimama mbele ya mdomo wa darubini.

Kofia! Mzee wewe wa kofia! Neno moja tu ungeongeza. Ungesema "kwa sababu".

Sikumwambia mtu. Nikafunga stoo, nikaenda nyumbani.


Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mama watoto. Nilitaka kumwambia nusu, lakini huyu mwanamke ukimwambia nusu anaivuta nusu iliyobaki kama uzi wa sweta.

Alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Kacheka mpaka mchele ukamwagika. Kasema: yaani wewe, katika miaka yote tuliyokaa, siku moja tu umefanya usafi kwa moyo, na umelivuruga jua!

Nikamwambia nyumbani nimesafisha mara nyingi. Akaniuliza lini. Nikabadilisha mazungumzo.

Kisha akainama. Akaokota mchele punje kwa punje. Kasema, mwenzio anaungua kwa moto wako, nawe umekaa pembeni unaota.

Nikasema, nikisema watanifukuza.

Kasema, wewe una miaka sabini na moja, wakikufukuza watakuwa wamekuwahi tu mbele ya Mungu. Yeye ana watoto wawili shuleni. Huo ulimi wako unaoutumia kwa mzaha kila siku, utumie siku moja kwa kazi.

Nimeoa vizuri. Sisemi mbele yake, atavimba kichwa. Ila hapa naandika: nimeoa vizuri sana.


Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda kusema. Nilifika mpaka mlango wa chumba chao cha giza. Nikabisha. Mama Madoa kafungua, macho mekundu, nywele hazijachanwa. Doa leo lipo katikati kabisa ya uso wa jua, siku yake nzuri kuliko zote, na picha ni uji.

Kasema, ndiyo babu?

Nikasema, mnataka chai?

Mwoga mimi. Nimewapelekea chai. Ilikuwa nzuri, wamenishukuru. Kila ahsante ilinichoma.


Jumanne, 11 Machi

Nimesema.

Sikungoja chai. Wote watatu walikuwa chini ya ngazi, Koleo kashika bisibisi, Msimamizi kashika faili, Mama Madoa kashika kichwa. Koleo anaambiwa akishushe kioo mara ya nne. Nikaingia katikati na ufagio wangu.

Nikasema, daktari, kioo hakina kosa. Jua lako nimelifyeka mimi.

Wakanitazama. Msimamizi kasema, mzee, si wakati wa utani.

Tatizo la mtu wa utani! Siku akisema kweli inambidi aape. Nikaapa. Nikasema nifuateni, nikatangulia, na nashukuru walinifuata maana sikuwa na mpango mwingine.

Tukatokea mashariki. Saa tatu kasoro. Nikaonyesha uzio. Mama Madoa akatazama. Akalala kifudifudi pale chini, na blauzi yake nyeupe, akalaza shavu kwenye udongo kama anayesikiliza mtoto tumboni, akatazama usawa wa ardhi. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na udongo usoni upande mmoja.

Kasema taratibu, hapa palikuwa na majani?

Nikasema, magotini. Kofia alinikataza kuyagusa. Nikayagusa Jumatatu iliyopita.

Kasema, babu, mbona hukuuliza?

Nikasema, mbona hamkunieleza? Kofia alinipa amri, hakunipa sababu. Angenipa sababu ningeyalinda kwa rungu.

Akasema, na mimi nimekaa miezi mitatu sijazunguka jengo langu mwenyewe hata mara moja. Basi tuko wawili.

Mama Maziwa alikuwa uzioni anasikiliza, mkono kiunoni. Akapaza sauti: hata mimi nilifyeka! Mimi ndiye niliyefyeka zaidi, huyo alikuwa anakaa! Nikamwambia nyamaza mama, sifa nilizitaka peke yangu, na lawama niachie mwenyewe. Akasema, haya, lakini ulikuwa unakaa.

Koleo ndiye niliyemwogopa. Alisimama na bisibisi. Kisha kasema, siku saba, mzee. Siku saba naosha kioo kisafi. Akageuka akaondoka. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Msimamizi akafungua faili, akafunga. Kasema hadithi ya mzee wa ufagio si ripoti. Aliyegusa kioo ni fundi, imeandikwa kitabuni. Picha nzuri ndiyo ushahidi. Dakika ishirini kabla ya Jumatatu, au barua inatoka, na sasa itakuwa na majina mawili.

Sikumkumbusha nani alisema pang'ae. Nilitaka sana. Mama watoto akisikia kwamba nilinyamaza hataamini.


Jumatano, 12 Machi

Majani hayaoti kwa siku tano hata ukiyapigia magoti. Kwa hiyo tunaivisha ardhi nguo.

Nilikwenda kwa Mama Maziwa alfajiri kuomba majani yangu yarudi. Kasema yamesharudi, yako pale nyuma ya zizi, chukua. Nikatazama. Mbolea! Huyu mama. Lakini mizigo minne alikuwa hajawalisha, ameianika. Katoa yote, ng'ombe wanamtazama kwa chuki. Kasema wakiuliza nitawaambia imekwenda kwenye jua.

Seremala wa barabarani katupa maranda ya mbao, viroba ishirini. Mama watoto kaja mwenyewe na magunia ya kuazima kutoka kwa majirani, kayabeba kichwani, kafika na kuanza kuamrisha kila mtu pamoja na daktari. Daktari anaitikia, ndiyo bibi, ndiyo bibi.

Saa nne hivi nikasikia kitu kinaburutwa. Koleo. Analeta turubai jeupe la kufunikia vipuri, kubwa kama paa. Hakunisalimia. Akashika ncha moja, akanitazama, akangoja. Nikashika ncha ya pili. Tukalitandaza.

Kasema, vuta basi, Waziri.

Ameniita Waziri! Nimevuta mpaka bega likalia.


Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka saa tisa na nusu alfajiri kumwagilia. Magunia lazima yawe yamelowa kabla jua halijatoka, joto liishie kwenye maji lisipande hewani. Mimi na mpira wa maji, mbele nyuma, mbele nyuma. Mama Madoa kanieleza sababu ya kila kitu, mara mbili, bila kuulizwa. Amejifunza.

Saa mbili na robo, kelele kutoka juu. Nilidhani mtu kaanguka. Ni kelele za furaha! Picha imetulia. Koleo kachungulia kwenye ukingo wa kuba, kanipungia bisibisi kama bendera.

Dakika nne.

Kisha hewa ikavurugika tena, kona ya kusini magunia yalikuwa yamekauka. Kosa langu, mpira ulikuwa mfupi. Lakini dakika nne! Mama Madoa kashuka mbio kwenye ngazi kuniambia. Kaona nyuzi. Kasema ni kama nywele zilizochanwa kuzunguka shimo jeusi, na katikati ya nywele vistari vinachanika, tena vinachanika sana, na uzi mmoja ulijipinda mbele ya macho yake kabla picha haijapotea. Alikuwa anaonyesha kwa vidole, anasokota hewa. Mtu mzima, daktari, anarukaruka kwenye magunia mabichi na viatu vya ofisini.

Msimamizi kasema dakika nne ni bahati.

Mimi nasema bahati ni mgeni, ukimpa kiti hukaa. Koleo kaongeza urefu wa mpira. Nashukuru kwa dakika nne. Nashukuru kwa mpira. Nashukuru kwamba leo tumecheza drafti na amenifunga mara sita bila huruma.


Ijumaa, 14 Machi

Mawingu kutwa. Mazito, ya kijivu, kama blanketi la hospitali. Nilimwagilia bure tangu alfajiri. Magunia yalikuwa na baridi safi kabisa na hapakuwa na jua la kutazama! Kama kupika karamu na wageni wasije.

Mama Madoa kanionyesha kwa kalamu. Kachora duara, kaweka nukta ukingoni. Doa limekaribia kwenda. Kesho bado litaonekana, limeminywa kidogo upande kama yai. Keshokutwa litakuwa kistari. Baada ya hapo, nyuma.

Nikauliza, hakuna doa jingine?

Kasema uso wote wa jua mtupu. Hilo moja tu.

Koleo alikaa kwenye ngazi. Anafuta kioo kidogo cha mkononi ambacho hakina kazi yoyote. Jioni kaniambia, mzee, hata isipopatikana, ulisema. Nikamwambia nyamaza, usinizike na kesho bado ipo.

Mama watoto kaniwekea uji kwenye chupa kwa ajili ya kesho. Kasema usije nyumbani bila habari.


Jumamosi, 15 Machi

Saa moja na nusu. Naandika nimekaa kwenye ndoo, daftari gotini, mpira wa maji katikati ya miguu. Wino utachuruzika, si neno.

Magunia yamelowa yote. Kona ya kusini nimeimwagilia mara mbili. Maranda, majani ya Mama Maziwa, turubai la Koleo. Uwanja umekuwa kama mtu aliyevaa nguo za kuazima kwa watu kumi. Pachafu! Mama yangu angelia. Nimeweka kiganja chini, ni baridi kama shavu la mtoto. Nguzo za uzio zimetulia, nimezihesabu, kumi na tisa, hakuna inayocheza.

Kuba limefunguliwa. Koleo yuko juu, nasikia viatu vyake kwenye bati. Mama Madoa yuko gizani kwake, kaacha mlango wazi leo ili nisikie. Msimamizi kaja pia, Jumamosi! Kasimama pale njiani na faili lake. Kaangalia viatu vyake, kaangalia magunia, kavuka kwa kunyata. Kaniuliza asubuhi hii, mzee, kona ile pale haijakauka? Sikumjibu kwa utani. Nilimpa ndoo. Kaenda kumwagilia. Faili kaliweka kwapani.

Saa moja na dakika hamsini. Wameanza. Nasikia sauti ya daktari inahesabu. Moja. Mbili. Picha kali, kasema, kali sana.

Tano.

Saba. Msimamizi kasimama na ndoo tupu, hapumui.

Tisa! — na wingu. Wingu moja tu, mbingu yote safi, dogo kama mkeka, limetoka wapi hata sijui, limekuja likakaa palepale. Daktari kaacha kuhesabu. Koleo kasema neno nisiloliandika. Tisa hazitoshi, lazima ziwe ishirini mfululizo, sasa tunaanza upya moja.

Saa mbili na dakika tano. Lipo bado. Ukingo wake unang'aa, linajua linachofanya. Upepo ni kidogo. Udongo bado baridi, lakini nikiweka kiganja naona joto linaanza kunijibu, mbali, chini ya gunia. Nina nusu saa, labda. Maji ya tangi yamefika kwenye mstari mwekundu. Mama Maziwa kapitisha ndoo mbili za maji ya ng'ombe juu ya uzio bila kuulizwa.

Saa mbili na kumi. Limesogea kidogo. Koleo kapaza sauti kutoka juu, mzee, wewe na jua mnajuana, ongea naye!

Haya basi. Wewe huko nyuma ya mkeka. Miaka kumi na tisa nimefagia chini ya miguu yako. Umenichoma upara, umenipausha mashati yote, umenikausha maji mwilini mpaka mke wangu ananiita dagaa, na sikuwahi kukudai kitu. Nilikuvuruga mara moja, nimekiri mbele ya watu, nimelipa kwa magoti. Sasa upande wangu na wako, wewe ndiye mwenye deni. Sitaki makubwa. Usirudishe ujana, usinioteshee nywele. Dakika ishirini tu, ukae wazi na utulie, mwanamke yule akupime mipasuko yako na mwanamume yule ashuke kwenye bati na kazi yake. Naona ukingo unaachia. Kona ya kusini imelowa. Ishirini tu, mzee mwenzangu, toka —